Ukuta Uliokohoa

Nilipokuwa mtoto pale Nyabusozi, niliuona ukuta ukikohoa. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, kifua wazi, kipande cha muhogo mkononi, na anayetaka kubisha aje abishane na mimi, maana wengine waliokuwepo wameshatangulia mbele za haki. Tumebaki mimi na shangazi yangu Vestina.

Ninaanza kwa ukali namna hii kwa sababu ya fundi baiskeli mmoja wa Biharamulo mjini, mtu wa Rufiji, ambaye kila nikimpelekea baiskeli ananichosha na sifa za kwao. Kwao samaki wanabanikwa kwa kuni za mikoko, moshi wake unawafanya wawe wekundu kama shaba na wanakaa muda mrefu bila kuoza. Kwao kuna kaa, kuna kamba, na chumvi wanaikanyaga tu. Namwacha amalize. Halafu namwuliza, "Sawa bwana, mikoko mnayo. Je, mmewahi kuwa na tanuri lenye kikohozi?" Hapo anaweka spana chini.

Sisi hatukuwa na mikoko. Tulikuwa na bonde la mafunjo. Mwishoni mwa kiangazi maji yake yalikauka yakabaki madimbwi, na watu wazima waliingia na matenga wakakamata kambare kama wanaokota viazi. Mvua zikisharudi bonde linajaa, na hao kambare huwaoni tena mpaka mwaka mwingine. Kwa hiyo kuwakamata haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuwahifadhi, na kwa kazi hiyo Bibi, mama yake baba, hakuwa na mpinzani katika bonde lote. Alimpasua kambare, akamtoa matumbo, akamsugua chumvi, kisha akamkunja mpaka mkia ukaingia mdomoni, samaki akawa duara kama kata ya kubebea mtungi. Aliwapanga kwenye chanja juu ya tanuri la udongo, moto mdogo, moshi mwingi, magunia yaliyoloweshwa yakiwa yamefunika juu. Kambare aliyetoka kwenye mikono ya Bibi alikuwa mwepesi na mgumu, ukimgonga analia kama ubao.

Lakini kamongo Bibi hakumgusa. Kamongo ni yule samaki mrefu kama nyoka, ambaye bonde likikauka anajizika ndani ya tope na kulala humo mpaka mvua irudi. Bibi alisema huyo ndiye mwenye udongo, sisi wengine tumepanga tu. Kwa hiyo ukienda bondeni kuchimba udongo wa tanuri, hupigi jembe hivi hivi. Unagonga chini kwa mpini, unasema "Hodi," unalaza sikio, unasikiliza. Ukisikia mguno, unaomba radhi na kusogea pengine.

"Ukimchukua bila hodi ukamweka kwenye ukuta wako," alituambia, "atakuja kudai mlango mbele za watu. Na siku atakayodai, utakuwa na haraka."

Mwaka huo haraka ilikuwepo. Shangazi Vestina alikuwa anaolewa Kaniha, upande wa mashamba makavu ambako kambare ni kitu cha kusikia. Kwetu binti alikuwa haendi mikono mitupu. Alibeba tenga la samaki waliokaushwa kwa ajili ya mama mkwe, na kwa samaki hao mama mkwe alijua binti ametoka jiko gani. Huyo mama mkwe sifa zake zilikuwa zimeshatufikia: alikuwa na pua. Mke wa mwanawe mkubwa alifika na samaki walioingia funza, na tangu siku hiyo ukoo mzima ukamwita Funza. Alizaa, akasomesha, akazeeka, bado Funza.

"Mimi sitaki jina," Vestina alikuwa akisema huku akisugua chumvi. "Nina jina langu la ubatizo, linanitosha."

Sasa tanuri la zamani lilikuwa limekanyagwa na ng'ombe, na Bibi mguu ulikuwa umevimba. Akatumwa Baba mdogo Deusi, mdogo wake baba, kijana aliyevaa viatu hata akienda shamba. Mimi nikamfuata. Alipofika bondeni akakata tope lililokauka mabonge makubwa, mengine makubwa kuliko kichwa cha ng'ombe, akaanza kupanga kwenye toroli.

"Baba mdogo, hodi je?" nikamwuliza.

"Nimpigie hodi nani, chura? Atanipa kiti?"

Tulipofika nyumbani Bibi akaniangalia mimi, lakini akamwuliza yeye. "Deusi, uligonga?"

"Niligonga, mama. Nikakaribishwa mpaka chai."

Bibi hakucheka. Tanuri likajengwa siku hiyo hiyo, likakandikwa, na kesho yake asubuhi samaki wote wa Vestina wakapanda chanjani. Nakumbuka uzuri wao, duara kwa duara, zinang'aa mafuta. Majirani wakaja kuangalia, maana tanuri la Bibi likiwaka hakuna aliyekuwa na shughuli nyingine ya maana.

Ilikuwa alasiri, mawingu yamejikusanya upande wa ziwa. Bibi alikuwa anamwagia magunia maji, na mengine yakichuruzika ukutani. Ukuta ukakohoa.

"Nani amekohoa?" Bibi akauliza.

Tukatazamana. Kila mtu mdomo umefungwa, hata mimi mwenye muhogo.

"Ni mvuke, mama," Baba mdogo Deusi akasema. "Udongo haujakauka vizuri."

Ukuta ukakohoa tena, kikohozi kizito cha mzee aliyewekwa upande wa moshi.

"Mvuke unaumwa kifua?" Bibi akasema. Akaweka kata ya maji chini. "Toeni moto."

Vestina akasimama mbele ya tanuri na mikono miwili wazi, kama anazuia mbuzi. "Mama, samaki wangu wako nusu! Wakilala hivi kesho ni funza!"

"Najua."

"Unataka nikaitwe Funza wa pili?"

"Vestina mwanangu, kuna mtu tunamchoma ndani ya nyumba yake. Toeni moto."

Nimewaona watu wakubwa wakifanya mambo makubwa, lakini sijaona kubwa kama lile. Vestina aliinama, machozi yanadondoka, akaanza kuzivuta kuni kwa mikono yake mwenyewe, moja moja, akizitupa nyuma yake. Bibi akamimina maji ukutani. Udongo ukalainika, ukapasuka, bonge moja likateremka polepole mpaka miguuni pake na kufunguka kama mkate.

Ndani alikuwepo. Amejikunja, mkia umefunika macho, amevaa ngozi nyembamba ya kahawia kama ganda la kitunguu. Jirani yetu Mama Koleta akavua kitambaa kichwani kama yuko mbele ya msiba. Maji yakamgusa, lile ganda likachanika, akafungua mdomo akavuta pumzi. Samaki, nasema, alivuta pumzi, na wote tukaisikia ikiingia.

Bibi akapiga magoti, na ule mguu wake uliovimba. "Hodi," akamwambia. "Tumechelewa, lakini hodi."

Nywele zangu za kisogoni zilisimama siku hiyo, na nikisimulia zinasimama tena, ingawa zimebaki chache.

Baba mdogo Deusi ndiye aliyembeba. Hakuna aliyemwamuru. Alivua shati lake la Jumapili, akaliloweka, akamfunga nalo yule kamongo kama mtoto mchanga, na sisi wote tukamfuata kwenye migomba kimya kimya mpaka bondeni. Akamlaza kwenye dimbwi la mwisho. Kamongo akakaa kidogo kama mtu anayekumbuka njia, kisha akazama. Tangu siku ile Baba mdogo hakuchimba tena kitu bila kugonga. Hata shimo la choo alilipigia hodi.

Tuliporudi mvua ilikuwa inaanza, na tanuri lenye tundu ubavuni lilikuwa linajiinamia. Vestina alikuwa amekaa karibu na chanja, samaki wake nusu wabichi wanamtazama. Ndipo Mama Koleta akaingia, akachukua kambare mmoja kila mkono. "Kwangu moto unawaka," akasema, akaondoka. Akafuata jirani mwingine. Hata yule mama aliyekuwa amenuniana na Bibi kwa ajili ya mpaka wa shamba alikuja, akachagua wakubwa, akaondoka bila salamu. Kila jiko la kitongoji likatundika samaki wa Vestina juu ya mafiga. Huku kuni za mikaratusi, kule mabua, kwingine mizizi ya mafunjo. Walipokauka wakarudi wote, hakuna aliyepungua, na huyo mwenye ugomvi alileta wake wamefungwa kwenye majani ya migomba.

Vestina akaenda Kaniha na tenga lake. Mama mkwe akamnusa samaki wa kwanza, akamnusa wa pili, akamnusa wa tatu, akauliza, "Mbona kila mmoja ana moshi wake?" Vestina akamweleza yote. Yule mama akasema, "Basi hukuja peke yako. Wote waliokukaushia nimewapokea."

Mwanangu juzi amenionyesha kwenye simu kwamba kamongo ana mapafu, kwamba kulala kwenye tope ni maumbile yake, na kwamba maji yakimgusa lazima aamke. Simbishii. Mimi niliishia darasa la sita, simu imesoma kuliko mimi. Lakini hiyo simu haikunieleza Bibi, aliyekuwa na binti wa kuolewa na chanja imejaa, alipata wapi moyo wa kusema toeni moto. Bondeni siku hizi tunalima mpunga. Nami kabla ya kupiga jembe nagonga, nalaza sikio, na vijana wananicheka. Wacha wacheke. Nasikiliza.

Shangazi Vestina macho yamepungua nguvu. Nikienda kumwamkia, "Shikamoo shangazi," anaitikia marahaba na papo hapo anadai nimsimulie. Na hapa niseme jambo moja, kwa kuwa nimejigamba kwamba nilikuwepo mwanzo hadi mwisho. Kaniha sikwenda. Yale maneno ya mama mkwe niliyatunga mimi. Siku ya kwanza Vestina alinirekebisha: "Hakusema hivyo. Alinusa, akalitundika tenga juu ya jiko, akaniambia nisogee motoni, nimelowa." Siku hizi hanirekebishi. Nikifika hapo anatikisa kichwa taratibu na kusema, "Ndivyo alivyosema."

Basi hayo ya mama mkwe ni yangu. Ukuta ulikohoa.