Malewa ya Jumamosi

Mume wangu alikuwa na vidonda vya tumbo, kwa hiyo wiki yangu nzima ilizunguka chakula chake. Maharage hapana, pilipili hapana, kitu kigumu hapana. Wanajeshi walipomkamata kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Jinja akiendesha lori la tajiri wake, sikuwaza kwanza kupigwa. Niliwaza kwamba watampa maharage, naye atatapika damu.

Kule kambi ya jeshi ya Jinja, alikopelekwa, walipokea chakula cha wafungwa siku ya Jumamosi tu. Mimi niliishi Mbale, nikishona mashati ya jeshi, ya jeshi lile lile, mpaka vidole vikafa ganzi. Nilijipanga. Mapema katika wiki nilitafuta boga kwa akina mama waliotoka Nakaloke, kisha nikapeleka wimbi kusagwa, nikatwanga karanga zikawa laini kama uji wa mtoto. Chumvi ilikuwa imeadimika, tukachuja maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Ijumaa jioni nilifunga matoke kwa majani ya mgomba, nikayapika kwa mvuke. Kukicha, niko njiani na sufuria mapajani.

Aliyepokea langoni alikuwa mwanajeshi mmoja mpole. Ndiyo, mpole, na hilo linaniudhi mpaka leo. Aliingia na sufuria, nami nikasubiri nje ya ua hadi airudishe tupu.

"Mume yako anakula vizuri, mama," aliniambia kila mara.

Nilirudi Mbale na furaha ya kijinga. Tumbo lake limetulia, nilijiambia, na nikaanza tena kutafuta boga.

Halafu ikaja wiki ambayo kazi ilituzidi. Jeshi lilitaka mashati yake upesi, tukashona bila kuinua kichwa. Ijumaa nikafika nyumbani sina boga wala unga. Jirani yangu, mama wa Kigisu, mwenyeji wa pale Mbale, tuliyegawana naye ukuta, alikuwa ananingoja mlangoni na sufuria yake.

"Nimekupikia ya mgonjwa wako," akasema. "Malewa."

Malewa ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, yanakaushwa kwa moshi, kisha yanaloweshwa na kupikwa kwa karanga. Kwao huwezi kumpa mgeni heshima kubwa kuliko hiyo. Mume wangu, Mkenya kama mimi, hakuweza kuvumilia hata harufu yake; jirani akiyapika, yeye alibeba kiti akaenda kukaa barabarani. Lakini mama huyu alikuwa amemaliza karanga zake zote. Ningemwambia nini? Nilimshukuru, nikayaweka malewa chini na ndizi chache alizonipa juu, ili mume wangu ale ndizi na kuacha yale mengine.

Jumamosi sufuria ilirudi tupu, imepanguswa kwa kidole.

Nikajiambia ni njaa. Njaa humlisha mtu chochote. Nilitaka sana iwe njaa.

"Leo amefurahi kabisa," afande akasema. "Anasema hiyo ya mianzi ni tamu sana, kama ya mama yake. Ulete tena."

Mama mkwe wangu aliishi na kufa kando ya ziwa, upande wa Kenya. Alipika samaki. Mianzi hakuwahi kuiweka chunguni maisha yake yote.

Nilimtazama yule kijana. Nilitamani kumpiga kwa ile sufuria, kumuuliza mume wangu yuko wapi, na tangu lini. Nikasema, "Asante, afande. Nitaleta." Niliogopa, basi.

Nilipofika Mbale, jirani alikuwa amekaa nje akichambua mboga. Akainuka haraka.

"Alikula?"

"Alimaliza yote," nikamwambia.

Akapiga makofi, akacheka. "Sasa huyo amekuwa Mgisu! Akitoka tutampa mke hapa!"

Nikaanza kulia. Alinikumbatia, akidhani ni furaha, kisha akaingia ndani kulowesha malewa mengine.