Ukuta wa Mama Esta

Huu ni mwaka wa tisa mama mkwe wangu, Esta, haoni, lakini chumba chake hapa Kihesa anakijua kuliko sisi wenye macho. Amekipima kwa nyayo, kisigino kikigusa vidole. Kila kitu kina namba mbili: moja kutoka mlangoni, nyingine kutoka dirishani. Kitanda ni nane na kumi na moja. Ole wako usogeze hata kigoda!

Alipokwenda msibani Igawa wiki nzima, mume wangu Filemoni alibomoa ukuta unaotenganisha chumba hicho na duka letu, akaujenga upya ndani ya chumba cha mama. Alitaka nafasi ya magunia.

"Hataona," akaniambia.

Na mimi, mjinga mkubwa, nikakisukuma kitanda mpaka kikagusa ukuta, kama kilivyokuwa zamani.

Jana mama akarudi. Akaanza kuhesabu kutoka dirishani. Kwenye unyayo wa tisa, muundi wake ukagonga kitanda. Akapapasa ukuta, akanusa saruji mbichi.

"Filemoni, mwanangu, ukuta umetembea?"



Mama akazunguka hadi dukani, wateja wakimtazama. Akaugusa ule ukuta, akahesabu nyayo mbili zilizopungua chumbani mwake, akasukuma magunia ya sukari, akatandika kanga yake sakafuni na kujilaza.

"Mimi ninalala hapa," akasema. "Waambie wateja wapite polepole."