Fundi Anayeaga Nyumba Mbili

Fundi wa vipima-maji hapa Kilambo haendi mtoni bila kuaga nyumba mbili. Sisi tulidhani ni uoga. Vidole vyake vina gundi siku zote, na kila kipima-maji hukifunga karibu na vingine viwili, maana habari za kina cha mto Ruvuma hupokezanwa hewani, kifaa kwa kifaa, hadi kwenye simu zetu. Juzi kiboko alikanyaga kimoja. "Mto ukijaa hatutajua, mpunga wangu ndio basi tena!" akalalama Bi Mwanahamisi. Fundi akamwonyesha simu: habari ya maji ilishafika, imezungukia kwa kifaa cha pili. Akacheka, akabeba kifaa kipya. "Mama, naenda mtoni," akamuaga Bi Mwanahamisi mlangoni. Kisha akavuka njia, akapiga hodi kwa jirani Sudi, akaaga tena: "Mmoja wenu akisahau, mwingine atajua niliko."