Mama Yumo Kwenye Ubeti wa Pili

Wanamuziki ninaowapenda mimi hawajulikani, na ukiniuliza majina yao tutagombana bure, maana wengine hata mimi siyajui. Kuna dada mmoja wa kwaya kule Segerea. Wenzake wote wanaimba kwa nguvu, yeye anaingia chini yao taratibu, mpaka unajikuta umewasahau wote unamtafuta yeye. Nilimsikia kwenye msiba wa mfanyakazi mwenzangu, mimi Mwislamu nimekaa nyuma kabisa na mtandio wangu, nikaacha kulia ili nisikie vizuri. Kuna mwingine wa Kiwalani anayeghani singeli kwa kasi ya kumkata mtu pumzi. Katikati ya wimbo wake inapita ndege, maana kule kwao ndege hazina adabu, naye akauacha wimbo hivyo hivyo na ndege yake ndani. Dada yangu husema nina masikio ya kuokotaokota. Hajakosea, lakini mwambie yeye anipigie wimbo mmoja wa redioni uliodumu nyumbani kwake zaidi ya msimu.

Wa kwanza kati yao wote alikuwa jirani yetu wa mtaa wa pili, hapa hapa Temeke. Mchana alikuwa fundi wa majokofu. Siku alipokuja kutengeneza la kwetu, nilimkuta kichwa chote kimo ndani ya jokofu, anaimba, na sauti inatoka na mwangwi utadhani yuko kisimani. Nilisimama na kikombe cha chai niliyotumwa kumpelekea mpaka ikapoa. Mwisho wa wiki alipiga kodiani na kuimba kwenye kikundi kidogo cha taarabu, kile wanachokialika watu wasioweza kuwalipa wakubwa. Hakuwa na haraka na maneno. Aliliacha neno likae mdomoni kama anayeonja mchuzi, halafu ndipo analitoa.

Hakuna studio iliyomwita. Sauti yake ilikuwa kwenye simu za watu tu, na simu zenyewe unazijua: zinaibwa, zinatumbukia kwenye ndoo ya maji, zinauzwa. Mimi nilimrekodi kwenye harusi ya dada yangu, uani kwetu, akiimba wimbo alioutunga mwenyewe kuhusu mtu aliyenyimwa maji ya kunywa na jirani yake. Niliuhamisha wimbo ule kutoka simu moja kwenda nyingine kwa miaka, kila simu mpya kitu cha kwanza ni hicho. Dada alikuwa nao pia, simu yake ikaibwa Kariakoo na wimbo ukaenda nayo.

Mama alipofariki ndipo nilipogundua kwamba yumo.

Mama alikuwa hataki kabisa kurekodiwa. Ukimwelekezea simu ananyamaza, anakutazama mpaka unaona haya. Ujumbe wa sauti hakuwahi kutuma hata mmoja. Alisema sauti ya mtu haikai kwenye mfuko wa mwenzake. Lakini siku ya harusi hakujua kama simu yangu inarekodi. Ubeti wa kwanza unapita, unaingia wa pili, na pale fundi wetu anapolivuta neno la mwisho, mama anapiga kigelegele. Kigelegele chake kinakatika katikati kwa sababu ya pumu, anakohoa, halafu anacheka na kusema, "Tuue, baba, tuue!" Basi. Ndiyo sauti yake yote iliyobaki duniani. Baada ya msiba nikawa siusikilizi tena wimbo kuanzia mwanzo. Nausogeza moja kwa moja mpaka ubeti wa pili, namsikiliza mama, nazima.

Mwaka jana, siku chache kabla ya mahujaji kuondoka, fundi wetu alikuja kwangu baada ya sala ya alasiri. Alikuwa mzee sasa, kanzu nyeupe, ndevu nyeupe, kodiani alishaiacha kitambo. Aliongozana na mwanawe mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ndiye aliyemlipia safari ya Hija. Nilijua walichokuja kufanya. Mtu wa kwetu akienda Makka huwapitia ndugu na majirani kuombana radhi, maana hajui kama atarudi, na hataki kusimama kule na kinyongo cha mtu mgongoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuaga. Kama kuna mahali nimekukosea, kwa kujua ama kwa kutojua, naomba unisamehe."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema nimekusamehe, na wewe nisamehe, kama anavyosema kila mtu. Yule kijana wake akaniwahi.

"Na kuna ishu nyingine, dada. Zile nyimbo. Baba kashatubia. Tunapita kwa kila mwenye nazo, anazifuta mbele yetu. Mtu akifa watu wanaendelea kupiga nyimbo zake, madhambi yanaendelea kumfuata huko aliko. Sie hatutaki hilo limpate mzee wetu."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayeogopa, na hicho ndicho kilichonitisha, kwa sababu na mimi nimelelewa humo humo, nimesoma madrasa ile ile, na woga huo ninao.

"Tumeshamaliza mtaa mzima," aliendelea. "Umebaki wewe. Wote wanasema mwenye nyimbo za baba ni wewe."

Simu ilikuwa mezani, katikati yetu, karibu na sahani ya kashata. Nilimwona akiitazama. Niliichukua nikaiweka mapajani.

"Ninao mmoja tu," nikasema.

"Basi huo huo."

"Siufuti."

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anazungusha tasbihi. Hakunisaidia wala hakumsaidia mwanawe. Kijana akavuta pumzi.

"Dada, mie nakuheshimu. Lakini hiki si kitu chako. Ni sauti yake yeye, na yeye ndiye atakayeulizwa. Utamzuia mtu asisafiri na moyo mweupe kwa sababu ya wimbo?"

Hasira yangu mimi haiji kwa hatua. Ilinipanda kutoka miguuni, nikasema neno ambalo hakuna mtu anayemwambia anayekwenda Hija.

"Basi radhi sitoi."

Tasbihi ilisimama. Nje kulikuwa na mtu anatwanga, nikahesabu naye mapigo ya mchi huku nikingoja paa la nyumba liniangukie. Kijana alisimama, akakaa tena. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, mwanamume mzima, na nilimwonea huruma huku bado nimeibana simu kwa mikono miwili. Angeikwapua ningepigana naye, hilo nalisema wazi. Ningepigana naye pale pale mbele ya baba yake.

Mzee akainua uso.

"Mwanangu, kuna nini humo ndani ya hiyo simu?"

"Mama yumo."

"Yumo wapi?"

"Kwenye ubeti wa pili, baba. Anacheka. Sina sauti yake nyingine."

Kisha akanyoosha kidole kuelekea mapajani kwangu. "Hebu nimsikie."

"Baba," mwanawe akasema. "Baba, ulishatubia."

"Namsikiliza marehemu. Nyamaza."

Nilibonyeza. Kwa mazoea kidole changu kilitaka kuusogeza mbele, nikakizuia. Sahani zikagongana, watoto wakapiga kelele, kodiani ikavuta pumzi yake, na sauti ya yule fundi wa jokofu letu ikaingia chumbani, changa, bila haraka. Kijana aligeuza uso ukutani. Mzee alifumba macho. Ubeti wa kwanza ukapita. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinasogea juu ya goti, kimoja kimoja, na nadhani mwenyewe hakujua. Ukaja ubeti wa pili, likaja lile neno la mwisho, mama akapiga kigelegele, kikakatika, akakohoa.

"Hapo nilimngoja," mzee akasema, macho bado kayafumba.

Sikumwelewa. Nikasimamisha wimbo.

"Rudisha kidogo. Sikiliza hilo neno. Siku zote huwa nalikata mapema, kodiani inaingia. Siku ile nilimwona mama yako kakabwa na kikohozi, kashika kifua. Nikasema nikiacha sasa, watu wote watageuka wamtazame yeye. Nikalivuta mpaka amalize. Kamaliza, kacheka, ndio mie nikashusha pumzi."

Nilirudisha. Nikasikia. Miaka yote ile nilikuwa namsikiliza mama akicheka, na sikujua kwamba kuna mtu amemshikia mlango wazi ili acheke. Nililia mbele yao, kilio kibaya cha makamasi, na wala sikujificha.

Mzee alijipangusa uso kwa mkono wa kanzu. Akamgeukia mwanawe.

"Hii haifutwi."

"Baba, utaulizwa."

"Nitajibu." Kisha akanigeukia mimi. "Usimpe mtu, usiitoe humo. Ukiipiga, niombee na mie. Sasa nipe radhi yangu, jua linakwenda."

Nikampa. Nilimpa na yangu na ya mama, maana mimi ni mwanawe na ninaweza kumsemea. Kijana alinipa mkono kwa heshima, lakini hakunitazama, na sikumlaumu.

Niliushinda mzozo ule, halafu sikuweza kuula ushindi wenyewe. Mzee alikuwa angani, mzee alikuwa Makka, mzee alikuwa Arafa, na mimi Temeke nimekaa na simu mkononi. Kila nilipotaka kubonyeza nilimwona akisema nitajibu. Atajibu kwa ajili yangu mimi, kwa sababu nimemkumbuka mama nikichambua mchele? Sikukuu ikapita, siku ambayo kila mwaka lazima nimsikie. Niliishika simu asubuhi ile mpaka ikapata joto, nikairudisha kabatini. Nilikuwa na hasira naye, nikisema ukweli. Angeufuta tu ningelia nikamaliza.

Aliporudi tulikwenda kumpokea, mtaa mzima. Uani kwake mlitandikwa majamvi, wanawake upande wao, wanaume upande wao, tende zinapita kwenye sinia. Alikuwa amekonda na amebabuka usoni kwa jua. Zamu yangu ilipofika niliinama kumsalimia, nikamwita haji, akafurahi. Kisha akanivuta karibu kidogo, mwanawe akiwa anagawa maji ya zamzamu hatua chache kutoka pale.

"Mama yako hajambo?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nilielewa mara moja. Nikajisikia vizuri, nikajua jibu langu litamfurahisha.

"Sijamsikiliza, haji. Tangu uondoke sijaupiga. Nilikuwa nakuhifadhi wewe."

Alinitazama. Uso wake ulibadilika kidogo sana, kama wa mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba anayoijua akaambiwa wenyewe wamehama.

"Hata mara moja?"

Mwanawe alifika na kikombe, akanipa. Nikanywa maji yale huku mzee akiendelea kunitazama. Walikuwa wamefuta mtaa mzima. Mtu huyu alizunguka Kaaba akijua kuna nyumba moja tu Temeke ambako bado anaimba, na mimi nilikuwa nimeifunga.

Niliondoka kabla ya pilau. Nilifika nyumbani, nikaketi pale pale tulipoketi siku ile, nikaitoa simu kabatini. Nikamwombea dua kama alivyoniagiza. Kisha nikabonyeza, sikuusogeza mbele, nikausikiliza ubeti wa kwanza wote.