Bandeji Nyeupe ya Bibi Nyamisi

Miaka ile ya kukosa sabuni na bandeji, mimi, sista wa wagonjwa wa nje hapa Musoma, nilijivuna kwamba namtambua kwa macho tu mgonjwa asiye na msaada nyumbani. Bandeji chafu, hana mtu. Nyeupe, ana watu. Wenye chafu niliwafokea kwanza, ndipo nikawapangia kutembelewa na muuguzi nyumbani.

Siku matroni wa mkoa alipokuja kutukagua, nikamvuta mbele Bibi Nyamisi wa mtaa wa Nyasho. Kidonda mguuni, bandeji inang'aa.

“Huyu hahitaji kutembelewa,” nikatamba. “Mkwe wake anamtunza kama yai!”

Matroni akainama. “Bibi, huyo mkwe sabuni anaitoa wapi?”

“Mkwe gani, mwanangu? Nakaaga peke yangu. Hata maji nachotaga mwenyewe, na mguu huu huu.”

“Sasa bandeji nani anakufulia?”

“Hii si yangu. Tunaazimanaga hapo getini, maana ukija na chafu huyu sista anakufokeaga.”

Nikajichekesha. Nyuma ya Bibi, kwenye foleni, mzee mmoja alikuwa ameshakunja suruali, mkono ameunyoosha.

“Bibi, fungua basi haraka, zamu yangu imefika.”