Damu Kwenye Chupa ya Chai

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka ya Dodoma yalijaa kila kitu, ila maabara ya kupima homoni haikuwapo. Mimi na mume wangu tulikuwa tumetafuta mtoto hadi nikachukia kuulizwa. Siku ya tatu ya hedhi, kama daktari alivyotaka, muuguzi alinitoa damu, akanikabidhi kichupa nikipeleke mwenyewe Dar es Salaam kwa basi la asubuhi. Nyumbani nilikifukia kwenye barafu ndani ya chupa ya chai.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kongwa. Hatukumwambia kitu zaidi ya kwamba nasafiri, tumbo langu alishalisema vya kutosha. Alfajiri alidamka kabla yangu, akakuta chupa ina maji ya barafu, akayamwaga uani na vyote vilivyokuwamo, akaisuuza, akanitilia chai ya maziwa.

"Shikamoo, mama," nilisema, macho yakiwa kwenye kichupa kilichovunjika juu ya jiwe la kufulia.

"Marahaba, mwanangu. Utasafirije na maji baridi?"

Nilitaka kumfokea. Nikainywa chai yake, tena ilikuwa tamu.

Ili nipimwe upya, ilibidi hedhi irudi. Mwezi mzima niliomba isirudi, nikijidanganya kwamba labda kipimo hakitahitajika tena. Ikarudi nikiwa nafua kwenye jiwe lile lile. Mume wangu, aliyekuwa akingoja kukata tiketi, aliniuliza, "Tayari?"

Nikamwambia tayari, na siku ya tatu nikaenda kutafuta barafu.