Kibao cha baba kule Kihanga kilivyotuletea msiba uliochelewa

Wakuu, heshima kwenu. Walionizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mpo. Hii si chai, nimeiishi mwenyewe.

Ni miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, kwetu Kihanga, Karagwe. Baba alikuwa na kiwanda cha kukoboa kahawa, injini ikiwaka inasikika mpaka kijiji cha pili. Sisi ni Wahaya wa Muleba, pale tulikuwa watu wa kuja.

Baba akafariki. Ndugu zake wakamchukua, wakamzika Muleba kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo.

Tuliporudi Kihanga mimi na mama, hakuna aliyekuja kutupa pole. Si chuki wakuu. Kwa wale majirani zetu msiba unakaa kaburi lilipo, sasa utakaaje matanga kwenye nyumba isiyo na kaburi? Wakikutana na mama njiani wanasalimia, wanapita.

Mama alipika ndizi nyingi kila siku, akisema labda leo watakuja.

Jioni tunakula wawili, zinazobaki wanapewa mbuzi. Nilikuwa kijana mkubwa tu, ila ule upweke uliniliza.

Ikapita miezi. Wakubwa wa serikali wakaamua nyumba yetu iwekewe kibao cha kumbukumbu, kumuenzi baba kwa kile kiwanda. Fundi akajenga nguzo ya saruji mbele ya nyumba, akapachika kibao chenye jina la baba. Hotuba, picha, wakaondoka zao.

Kesho yake asubuhi nikaona wanawake wanakuja na mikungu ya ndizi vichwani, wanalia. Nyuma yao wanaume na nyasi za kutandika.

Aisee! Saruji na jina la marehemu nyumbani kwake, kwao hilo ni kaburi. Walidhani tumemrudisha baba.

Nikamnong'oneza mama, "Tuwaache tu." Nilitaka wabaki, hata kwa uongo.

Mama akakataa. Akatoka mlangoni, akawaambia, "Mzee yuko Muleba. Hapa pana jina tu."

Halafu Mama Koku, jirani wa ng'ambo ya barabara, akatua mkungu wake chini.

"Muleba ni mbali, dada. Tutamlilia hapa hapa."

Wakatandika nyasi, wakakaa. Mama alilia mpaka sauti ikakauka, na mimi nikashukuru Mungu.

Alipougua uzeeni alikataa kabisa kupelekwa Muleba. Alisema waliomlilia mumewe wako Kihanga. Tukamzika kando ya kile kibao.

Leo nyumba imeanguka, majirani wale wote wametangulia. Wapita njia wanadhani pale wamelala mke na mume. Kumbe mama yuko peke yake.

Nilichojifunza ni kwamba jirani akifiwa, wewe nenda, usiulize kaburi liko wapi.

Sasa wanangu wananiuliza nikifa wanipeleke wapi, Muleba kwa baba au Kihanga kwa mama. Sijawajibu bado. Wakuu, nyie mngelala kwa nani?